Majani Mapana Katika Bustani za Machame



Mtu apandaye kutoka mjini Moshi kwenda Machame hupokewa na baridi njiani. Kila apandapo mita 1,000, joto hupungua nyuzi zipatazo 6. Hii ndiyo sababu mmea unaositawi vizuri katika ua wa nyumba ya Tanga huweza kudhoofika kwetu, ijapokuwa udongo wetu ni mwema na mvua ni nyingi. Vijana wengi hupenda kupamba nyua zao kwa mimea ya majani mapana. Kwa hiyo twaona yafaa kuwaeleza tuliyojifunza, ambayo mengine tuliyajifunza kwa hasara.

Marehemu ndugu yetu alituletea kutoka Tanga kaladiamu, mmea wenye majani mfano wa moyo, mekundu katikati na kijani pembeni. Tuliupanda katika debe mbele ya madrasa, ukasitawi hata masika yakaisha. Ulipoingia mwezi wa Juni na ukungu wake, majani yalilegea, yakalala moja baada ya jingine. Tulidhani ni kiu, tukazidi kuunywesha maji ya udhu kila wakati wa swala. Mwezi wa Julai halikubaki hata jani moja. Tulihuzunika mno, maana ndugu yetu alikuwa amekwisha kufariki, na ule ulikuwa ukumbusho wake kwetu. Tukaumwaga udongo wa lile debe jaani, chini ya migomba.

Mwezi wa Novemba mwanafunzi mmoja alitujia mbio, akasema, "Maalim, mmea wa marehemu umefufuka!" Tukaenda kutazama, tukakuta majani mawili mekundu kati ya takataka.

La, haukufufuka, kwa kuwa haukufa. Kaladiamu ina viazi chini ya udongo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na wakati wa ukavu huangusha majani ikalala, kisha huamka kwa joto na mvua. Maji tuliyoyazidisha kwa huruma ndiyo yaliyoozesha viazi vyake. Kimoja tu kilisalimika katika vuguvugu la samadi na majani yaliyokuwa yakioza. Tangu hapo, kipupwe kikija, tunavifukua viazi, tunavikausha, na kuviweka ndani mahali pasipo baridi mpaka joto lirudi.

Ama upepo, nao ni adui, kwani jani pana hupasuka upesi. Pandeni nyuma ya nyumba au chini ya migomba, penye kivuli chepesi na udongo usiotuamisha maji.

Jambo la tatu ni zito zaidi kwa wazazi. Kaladiamu, monstera na difenbakia zina chembe kali mfano wa sindano ndogo mno. Mtoto akitafuna jani lake, mdomo na ulimi humwaka na kuvimba. Hata magimbi mabichi yana chembe hizo, ndiyo maana huyapika mpaka yaive sawasawa. Basi msiipande mimea hiyo wachezapo watoto.

Tamaa ya majani mapana si yetu peke yetu. Huko Uingereza, katika bustani ya Great Dixter, bwana Christopher Lloyd aling'oa mawaridi ya zamani katika miaka ya 1990, akaweka migomba na mimea mingine ya nchi za joto. Katika nchi hiyo watu huifunga migomba yao kwa nyasi kavu ili isiuawe na baridi, na mingine huing'oa na kuiingiza ndani. Nayo ni migomba ya kutazamwa tu.

Sisi tunayo migomba inayotulisha, na magimbi kandokando ya mifongo, bila taabu hiyo. Asing'oe mtu mgomba wa chakula cha wanawe apate nafasi ya jani la kupendeza macho. Na aliye na ua la mgeni asiharakishe kulitupa likinyauka. Kwanza achimbe atazame chini.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira. Amin.