Programu inayoingia kwenye akaunti badala yako: nenosiri lako analo nani?

Msikilizaji wetu, huenda umewahi kwenda steshenari kuomba mkopo wa chuo au kazi, ukamwachia kijana wa pale nenosiri lako, naye akakuambia: "Nenda tu mama, kompyuta itakuwa inaangalia yenyewe kila siku." Je, kompyuta inaweza kweli? Inaweza. Tuone inavyofanya.

Fundi huandika maagizo, yaitwayo skripti, kwa lugha ya kompyuta kama Python. Maagizo yanasema: fungua ukurasa huu, tafuta kisanduku cha jina, andika, tafuta cha nenosiri, andika, bonyeza kitufe cha kuingia. Kila kisanduku kina alama yake ya ndani ambayo sisi hatuioni, na ndiyo skripti huitafuta. Tovuti ikikubali, hurudisha kumbukumbu ndogo iitwayo kuki. Ni kama tiketi ya basi: ukiwa nayo, hudaiwi nauli tena kila kituo. Kwa tiketi hiyo skripti hupita ukurasa hadi ukurasa bila kuulizwa.

Kazi yenyewe si uhalifu. Selenium, moja ya zana zinazojulikana sana, ilianzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins huko Chicago, Marekani, kwa ajili ya kupima kama tovuti zinafanya kazi sawasawa. Hata karani wa ushirika mwenye orodha ya wanachama 400 anaweza kuitumia kujaza fomu kwenye mfumo alioruhusiwa, badala ya kukesha akiandika.

Lakini skripti haina akili. Wenye tovuti wakibadilisha ukurasa, inakwama. Ikiwa na nenosiri lenye kosa, inaweza kulirudia hadi akaunti yako ifungwe.

Jambo kubwa zaidi ni hili: ili skripti iingie, nenosiri lako lazima lihifadhiwe mahali, mara nyingi kwenye kompyuta ya mwenye skripti. Anayeishika kompyuta hiyo ameshika akaunti yako. Na akikupigia simu akitaka namba iliyoingia kwa meseji, anakuomba ufunguo wa mwisho.

Tunashauri hivi:

- Kaa hapo hapo, andika nenosiri kwa mkono wako, na ukimaliza toka kwenye akaunti.
- Hakikisha namba ya simu na barua pepe zilizoandikwa kwenye akaunti ni zako, si za steshenari. Mwenye hizo ndiye anayeweza kubadili nenosiri.
- Kama ulishamwachia mtu, libadilishe leo. Tovuti ikikupa nafasi ya kuondoa vifaa vyote vilivyoingia, itumie, maana ile tiketi inaweza kuwa bado inafanya kazi.

Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa. Ila usisubiri sheria ikulinde wakati nenosiri umeligawa mwenyewe.