Bei na Thamani: Kupima Hisa ya Kampuni ya Umeme kwa Wastani wa Faida za Miaka Mingi

Utangulizi

Katika mtaa wa Pipeline, ulioko Embakasi, mashariki mwa jiji la Nairobi, taa huwashwa hata adhuhuri. Majengo ya ghorofa saba, nane na zaidi yamebanana kiasi kwamba jua halifiki katika vyumba vingi vya ghorofa za chini. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, umeme, au stima kama wasemavyo wenyeji, ni hitaji la kila siku sawa na maji na unga. Hununua tokeni kwa simu, akaingiza tarakimu katika mita, na fedha zake zikaishia katika hazina ya kampuni ya Kenya Power. Aghalabu mpangaji huyo hakumbuki kwamba hisa za kampuni hiyo huuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na kwamba mlipaji wa tokeni anaweza pia kuwa mmoja wa wamiliki.

Ichukuliwe kwamba chama cha akiba cha wapangaji wa Pipeline kimeweka kando shilingi 13,000, na wanachama wanajadili iwapo wanunue hisa za kampuni hiyo. Swali la kwanza watakalojiuliza ni hili: je, hisa hii ni rahisi au ni ghali? Makala haya yanadhamiria kueleza mbinu moja ya kulijibu swali hilo, yaani kulinganisha bei ya hisa na wastani wa faida za miaka mingi baada ya kuondoa athari ya mfumko wa bei. Aidha, makala yanajadili istilahi za Kiswahili zinazohitajika katika maelezo hayo. Hoja kuu ni kwamba faida ya mwaka mmoja ni shahidi asiyetosha, hasa kwa kampuni ya umeme.

Dhana na istilahi zake

Hisa ni fungu la umiliki katika kampuni. Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni huamua kuwagawia wenye hisa. Faida ikigawanywa kwa idadi ya hisa zote hupatikana faida kwa hisa. Bei ya hisa nayo ikigawanywa kwa faida kwa hisa, hupatikana uwiano wa bei kwa faida. Uwiano wa 10, mathalani, humaanisha kwamba mnunuzi analipa shilingi 10 kwa kila shilingi 1 ya faida ya mwaka.

Hapa kuna maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyatenganisha vizuri lakini wanunuzi huyachanganya: bei na thamani. Bei ni kile anachodai muuzaji leo, nayo huandikwa ubaoni. Thamani ni kile ambacho kitu kinastahili kwa manufaa yatakayotokana nacho, nayo haiandikwi popote, sharti ikadiriwe. Kazi yote ya kupima hisa ni kuikadiria thamani kisha kuilinganisha na bei.

Istilahi nyingine yenye utata ni "faida halisi". Katika magazeti na taarifa za habari, huitwa hivyo faida iliyobaki baada ya kulipa gharama zote na kodi. Katika uchumi, neno "halisi" hutumika pia kwa kiasi kilichoondolewa athari ya mfumko wa bei. Msomaji akikutana na "wastani wa faida halisi" hawezi kujua ni maana ipi iliyokusudiwa. Ili kuepuka mkanganyiko huo, makala haya yanatumia "faida baada ya kodi" kwa maana ya kwanza, na "faida iliyorekebishwa" kwa maana ya pili.

Chimbuko la mbinu

Mbinu hii si ngeni. Mwaka 1934, Benjamin Graham na David Dodd, waliokuwa wahadhiri katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walichapisha kitabu kiitwacho Security Analysis. Walishauri kwamba uwezo wa kampuni wa kupata faida upimwe kwa wastani wa miaka isiyopungua mitano, na ikiwezekana saba au kumi. Walikuwa wameshuhudia anguko la soko la hisa la mwaka 1929, ambapo watu walikuwa wamenunua hisa kwa kutazama faida za miaka ya neema peke yake.

Mwaka 1988, John Campbell na Robert Shiller waliliendeleza wazo hilo kwa kurekebisha faida za miaka iliyopita kulingana na mfumko wa bei. Shiller alilieneza zaidi kupitia kitabu chake cha mwaka 2000, Irrational Exuberance, na mwaka 2013 alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Kwa kawaida Shiller hutumia faida za miaka kumi, naye huupima uwiano huo kwa soko zima la Marekani. Kuutumia kwa kampuni moja kunawezekana, ila kunahitaji hadhari, kama itakavyoelezwa.

Kwa nini kampuni ya umeme?

Huenda ikadhaniwa kwamba faida ya kampuni ya umeme hutulia, kwa kuwa watu hawaachi kuwasha taa. Hali nchini Kenya imekuwa kinyume. Kenya Power, ambayo asili yake ni kampuni iliyoundwa mwaka 1922 kwa jina la East African Power and Lighting, haijipangii bei ya umeme. Bei hiyo huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli. Serikali, yenye zaidi kidogo ya nusu ya hisa, ina usemi mkubwa. Mnamo Januari 2022, bei ya umeme ilipunguzwa kwa asilimia 15 kwa uamuzi wa serikali. Mnamo Aprili 2023, bei zikapandishwa.

Jambo la pili ni madeni. Kampuni hii ilikopa kwa fedha za kigeni, na sehemu ya umeme inaoununua hulipiwa kwa fedha hizo. Shilingi ya Kenya ilipodhoofika mwaka 2023, madeni yalivimba kwenye vitabu hata bila mkopo mpya. Shilingi ilipoimarika mwaka 2024, kutoka takriban 160 kwa dola moja mwezi Januari hadi karibu 130 katikati ya mwaka, madeni yaleyale yakanywea. Jambo la tatu ni hali ya hewa. Ukame ukipunguza maji ya mabwawa ya Mto Tana, umeme wa gharama nafuu hupungua. Ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulisababisha mgao wa umeme mwaka 2000.

Kwa hiyo, faida ya mwaka mmoja inaweza kuwa matokeo ya mvua, ya dola au ya tangazo la serikali. Hapo ndipo wastani unapohitajika.

Hesabu yenyewe

Jedwali lifuatalo linaonyesha matokeo ya Kenya Power baada ya kodi kwa miaka saba ya fedha, kila mwaka ukiishia mwezi Juni. Takwimu ni za mabilioni ya shilingi. Safu ya mwisho imerekebishwa kwa kutumia viwango vya mfumko wa bei vya mwezi Juni vinavyotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, ili miaka yote isomwe kwa shilingi za Juni 2025.

Mwaka | Faida au hasara iliyotangazwa | Iliyorekebishwa
2019 | 0.26 | 0.37
2020 | hasara 0.94 | hasara 1.26
2021 | 1.49 | 1.88
2022 | 3.50 | 4.10
2023 | hasara 3.19 | hasara 3.46
2024 | 30.08 | 31.22
2025 | 24.47 | 24.47

Sababu ya kurekebisha ni nyepesi. Bidhaa zilizonunuliwa kwa shilingi 100 mwezi Juni 2019 zilihitaji takriban shilingi 140 mwezi Juni 2025. Shilingi ya 2019 na ya 2025 zina jina moja, lakini uzito wake si mmoja. Kuzijumlisha bila kuzirekebisha ni sawa na kujumlisha vibaba na pishi kana kwamba ni kipimo kimoja.

Jumla ya safu ya mwisho ni takriban bilioni 57.3. Ikigawanywa kwa miaka saba, wastani ni bilioni 8.19 kwa mwaka. Hisa za kampuni ni takriban bilioni 1.95, na idadi hiyo haikubadilika katika kipindi hicho. Wastani wa faida iliyorekebishwa kwa hisa ni, basi, shilingi 4.20.

Sasa ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba hisa moja inauzwa shilingi 13. Chama cha Pipeline kitapata hisa 1,000 kwa akiba yake, ukiacha ada ya dalali. Kwa faida ya mwaka 2025, ambayo ni takriban shilingi 12.54 kwa hisa, uwiano ni 1. Yaani faida ya mwaka mmoja inakaribia kulipia hisa nzima. Kwa faida ya mwaka 2019, ambayo ni senti 13 kwa hisa, uwiano ni takriban 97. Kwa mwaka 2020 au 2023 uwiano hauna maana yoyote, kwani kulikuwa na hasara. Kwa wastani wa miaka saba, uwiano ni 3.1. Kampuni ni ileile na bei ni ileile. Kilichobadilika ni mwaka uliochaguliwa kuwa shahidi.

Mipaka ya mbinu hii

Ingekuwa kosa kuishia hapo na kutangaza kwamba hisa ni rahisi. Jedwali likitazamwa tena, itabainika kwamba miaka mitano ya kwanza kwa pamoja ilileta bilioni 1.63 tu. Zaidi ya asilimia 97 ya faida yote imetoka katika miaka miwili ya mwisho. Wastani wa miaka hiyo mitano peke yake ni takriban senti 17 kwa hisa, na kwa bei ya shilingi 13 uwiano wake ni karibu 78. Wastani wa shilingi 4.20 haukutokea katika mwaka wowote. Umezaliwa kwa kuchanganya ukame mrefu na mafuriko mafupi.

Kwa hiyo, wastani hautoi hukumu. Humlazimisha mnunuzi kuuliza swali lililo bora: je, miaka ya 2024 na 2025 ni mwanzo wa hali mpya au ni neema ya kupita? Anayeamini kwamba bei za umeme za sasa zitadumu na kwamba shilingi haitayumba, ataiona hisa kuwa rahisi. Anayekumbuka 2022 na 2023 atasita. Isitoshe, faida iliyo vitabuni si fedha mkononi. Baada ya miaka kadhaa bila gawio, kampuni ilitoa senti 70 kwa hisa kwa mwaka wa fedha wa 2024 na jumla ya shilingi 1 kwa mwaka wa 2025. Chama chenye hisa 1,000 kingepokea shilingi 1,000 kabla ya kodi, ilhali fungu lake la faida vitabuni lilikuwa shilingi 12,540.

Upande wa pili wa jambo hili humgusa mpangaji moja kwa moja. Bei ya umeme ikipanda, mwenye hisa hufurahi na mnunuzi wa tokeni huumia. Katika Pipeline, huenda hao wakawa mtu mmoja. Ndiyo maana faida kubwa ya kampuni ya umeme huwa na dari isiyoonekana: ikizidi, wananchi hulalamika, na serikali iliyopunguza bei mwaka 2022 inaweza kupunguza tena.

Funzo la KenGen

Umuhimu wa hesabu hizi unaonekana katika historia ya karibuni. Mwaka 2006, serikali iliuza asilimia 30 ya kampuni ya kuzalisha umeme, KenGen, kwa shilingi 11.90 kwa hisa. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara tatu, na wengi walikuwa wananchi wa kawaida walionunua kwa mara ya kwanza. Hisa zilipoanza kuuzwa sokoni mwezi Mei, bei iliruka ikapita mara mbili ya ile ya awali. Mwaka 2016, kampuni hiyohiyo iliwauzia wenye hisa wake hisa zaidi kwa shilingi 6.55. Katika miaka hiyo kumi, bei za bidhaa nchini zilikuwa zimeongezeka zaidi ya mara mbili. Aliyenunua katika msisimko wa 2006 alipoteza mara mbili: bei ya hisa ilishuka, na shilingi yenyewe ikapungua nguvu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba hisa ya kampuni ya umeme haipimwi kwa faida ya mwaka mmoja. Faida za miaka saba au kumi zikusanywe, zirekebishwe kwa mfumko wa bei, zigawanywe kwa idadi ya hisa, kisha zilinganishwe na bei. Baada ya hapo, mnunuzi auchunguze wastani wenyewe ili ajue umetoka wapi.

Hesabu hiyo haihitaji zaidi ya kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. Kinachowazuia wengi ni lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini vitabu vya hesabu vya kampuni huandikwa aghalabu kwa Kiingereza, na mwananchi hubaki akisikia bei bila kuelezwa thamani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana fursa ya kulifungua daftari hilo kwa kusanifisha istilahi chache zilizotajwa hapa, kuanzia na hiyo "halisi" yenye maana mbili, ili chama cha Pipeline kikikaa kujadili akiba yake, kiamue kwa lugha kinayoielewa.