Kigawamasafa: Mpaka wa Sauti Ndani ya Spika za Kujiundia

Maneno "suka" na "shuka" hutofautiana kwa fonimu moja tu. Fonimu /s/ na /sh/ zote ni vikwamizo sighuna. Kinachozipambanua masikioni ni mahali nguvu ya mkwaruzo inapokaa. Nguvu ya /sh/, itamkwayo kwenye kaakaa gumu, hujikusanya kuanzia mitetemo 2,000 hadi 3,000 hivi kwa sekunde, yaani hezi, ilhali ile ya /s/ ya ufizi aghalabu huwa juu ya hezi 4,000. Ni katika eneo hilohilo ambapo spika nyingi za nyumbani hugawa kazi yake. Anayejiundia spika za sinema ya nyumbani akiukosea mgawanyo huo, filamu itanguruma vizuri, lakini mazungumzo ya wahusika yatakuwa ya kukisia.

Mgawanyo wenyewe hauepukiki. Sikio la kijana husikia tangu hezi 20 hadi 20,000, na ni vigumu utando mmoja kuzitoa zote kwa ufasaha. Utando mpana wa wufa husukuma hewa nyingi na kutoa sauti nzito. Ule mdogo wa twita hutetemeka upesi na kutoa sauti nyembamba, na ukilazimishwa kubeba sauti nzito, waya wake mwembamba huungua. Kifaa kinachoamua sauti ipi iende wapi mafundi hukiita krosova. Makala haya yanakiita kigawamasafa, japo neno "masafa" limebeba pia maana ya umbali. Istilahi za uwanja huu zina matata yake: "kipaza sauti" ni kile kinachoipokea sauti na pia kile kinachoitoa, naye "spika" ana kiti chake bungeni.

Kigawamasafa kinachozungumziwa hapa hakihitaji umeme wake chenyewe. Hukaa ndani ya sanduku la spika, nacho huundwa kwa kapasita, koili na rezista. Kapasita huzuia mkondo geu wa masafa ya chini na kuupitisha wa juu; koili hufanya kinyume. Katika muundo sahili kabisa, thamani ya kapasita ya twita hupatikana kwa kugawa 1 kwa zao la 2, pai, masafa ya mpaka na ukinzani wa twita. Mpaka ukiwa hezi 3,000 na ukinzani omu 8, jibu ni mikrofaradi 6.6. Koili ya wufa nayo ni ukinzani uliogawanywa kwa zao la 2, pai na masafa, yaani milihenri 0.42.

Twita nyingi za bei nafuu huuzwa zikiwa tayari na kapasita moja ndogo, tuseme ya mikrofaradi 2.2. Kwa hesabu hiyohiyo, twita ya omu 8 yenye kapasita hiyo huanza kazi karibu na hezi 9,000. Wufa isiyo na koili hufifia yenyewe, mara nyingi kabla ya kufika hezi 5,000. Kati ya hapo pana pengo, na /s/ imo pengoni. Msikilizaji huongeza sauti ya amplifaya ili asikie maneno, akazidishiwa ngurumo.

Kapasita moja hupunguza sauti kwa desibeli 6 kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Huo ni mteremko wa pole mno kuilinda twita, na kwa hivyo wengi huongeza kiungo cha pili ili kupata desibeli 12. Mnamo 1976, Siegfried Linkwitz alichapisha muundo ambao hujulikana kwa jina lake na la Russ Riley. Katika muundo huo, kila upande huwa umeshuka desibeli 6 mpakani, na pande mbili zikijumlishwa hakuna kilima wala bonde. Kwa mfano wa hapo juu, kila upande huhitaji kapasita ya mikrofaradi 3.3 na koili ya milihenri 0.85. Nyaya za twita hugeuzwa, chanya ikakaa mahali pa hasi, kwani mawimbi ya pande hizo hupishana kwa nusu mzunguko.

Hesabu hizi zote zina dhana moja ya hatari: kwamba spika ya omu 8 ni ya omu 8 daima. Sivyo. Namba hiyo ni ya jina tu. Wufa ikipimwa kwa mita ya kawaida huonyesha karibu omu 6. Kwenye mwangwi wake wa chini ukinzani hupanda mara kadhaa, hushuka, kisha hupanda tena kwa kuwa waya wa wufa nao ni koili. Iwapo umefikia omu 14 kwenye hezi 3,000, ile koili ya 0.42 haitakata hapo bali karibu na hezi 5,000, na wufa itaingilia kazi ya twita. Dawa yake ni rezista na kapasita zilizofuatana, zikaunganishwa sambamba na wufa. Kwa wufa ya omu 6 yenye milihenri 0.5, rezista ya omu 7.5 na kapasita ya mikrofaradi 9 hivi hutosha kuutuliza mpando huo. Anayenunua kigawamasafa kilichokwisha kuundwa, bila kujua kiliundiwa spika gani, amenunua kiatu bila kujua mguu.

Spika ya katikati, ibebayo mazungumzo mengi ya filamu, ina shida ya ziada. Aghalabu hulazwa chini ya televisheni, wufa mbili pembeni na twita kati. Wimbi la hezi 3,000 lina urefu wa sentimita 11 tu. Wufa zikiwa mbali kuliko hapo, mawimbi yake humfikia mtu aliyeketi pembeni yakiwa yanafutana. Kuisimamisha spika hiyo, nafasi ikiruhusu, au kuushusha mpaka kadiri twita inavyostahimili, husaidia kuliko kununua vifaa ghali.

Kapasita ziwe zisizobagua chanya na hasi, na koili mbili zitenganishwe na kulazwa kwa pembe mraba. Kisha ipigwe sauti moja ya hezi 3,000 kwa kiasi kidogo, sikio likiwa mbele ya spika, na nyaya za twita zigeuzwe kwa muda. Sauti ikizama ghafla, pande mbili zilikuwa zikikutana sawasawa kabla ya kugeuzwa. Isipobadilika, mpaka hauko pale ulipoandikwa kwenye karatasi.