Gitaa la Nyuzi Nane: Adungu Yatufundisha Nini?

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Msemo huo una hekima yake, lakini mpiga gitaa wa Kampala anayedunduliza ujira wa harusi na kwanjula, msimu baada ya msimu, ili anunue gitaa moja tu, hana budi kuchagua. Akikosea, fedha hairudi. Na uchaguzi wenyewe umezidi ugumu, kwa kuwa siku hizi kuna magitaa ya umeme yenye nyuzi saba au nane, nayo ni ya namna mbili: yale ambayo nyuzi zote zina urefu mmoja, na yale ambayo nyuzi nene ni ndefu kuliko nyembamba, na freti zake zimetandazwa kama upepeo. Katika makala haya tutajaribu kuzipima namna hizo mbili.

Kabla ya kwenda dukani, natuitazame adungu. Kinubi hiki cha Waalur wa Nile Magharibi kimeenea mpaka kikawa cha kawaida katika shule na makanisa ya Kampala. Nyuzi zake hazilingani: wa sauti ya juu ni mfupi, wa sauti nzito ni mrefu. Tena kikundi huwa na adungu ndogo, za kati, na ile kubwa ya besi. Fundi hakufanya hivyo kwa urembo. Sauti nzito hudai uzi mrefu, au mnene, au uliolegea. Na ulegevu ukizidi, uzi hupwaya na sauti hufifia.

Adungu haina freti. Kila uzi hutoa sauti yake moja. Uzi wa gitaa hutakiwa utoe sauti nyingi, na freti moja hupita chini ya nyuzi zote. Ndiyo maana urefu mmoja ulizoeleka, mara nyingi milimita 648. Kwa nyuzi sita hakuna taabu, maana uzi mnene kabisa hutikisika mara 82 kwa sekunde. Lakini uzi wa saba huteremka hadi mara 62, na wa nane hadi 46. Linganisheni na gitaa la besi: uzi wake mnene hutikisika mara 41, nao kwa kawaida hupewa urefu wa milimita 864 hivi. Uzi wa nane basi hutwishwa kazi inayokaribia ya besi, bila kupewa urefu wa besi.

Wengine hutia uzi mnene zaidi. Dawa hiyo husaidia, lakini uzi mnene mno huwa mkavu, na sauti yake huvurugika. Wengine hurefusha gitaa zima hadi milimita 711. Hapo uzi mzito hupata nguvu, lakini uzi mwembamba nao hukazwa zaidi, kwa takriban asilimia 20, ukawa mgumu kuuvuta kwa kidole na mwepesi kukatika.

Freti za upepeo hutafuta njia ya kati: kila uzi upewe urefu unaoustahili. Wazo hilo si geni, kwani baadhi ya ala za Uingereza za karne ya 17 zilizoitwa orpharion zilikuwa na freti za mshazari. Katika magitaa ya umeme lilipata nguvu baada ya fundi Ralph Novak wa Marekani kupewa hataza mwaka 1989.

Hata hivyo, hakuna faida isiyo na gharama. Mkono hulazimika kujipinda kwenye freti za mwanzo na za mwisho, hasa kwa kodi za kubana nyuzi zote. Daraja na vinasa sauti aghalabu hukaa mshazari, kwa hiyo kipuri cha gitaa la kawaida huenda kisifae. Uzi mnene nao lazima uwe mrefu wa kutosha kufika kwenye kigingi chake.

Kwa maoni yetu, anayepiga solo katika bendi yenye mpiga besi hana haja ya kuhangaika: sauti zake ziko juu, na akishuka mno atagombana na besi. Anayetaka nyuzi saba anaweza kutosheka na urefu mmoja wa milimita 648, mradi uzi wa saba uwe mnene ipasavyo. Lakini anayetaka nyuzi nane, na kweli atautumia ule wa nane, tungemshauri achague upepeo.

Dukani afanye jaribio hili: aupige uzi mzito polepole, kisha kwa nguvu, huku akitazama kipimo cha sauti cha simu. Sauti ikiruka juu sana kila anapopiga kwa nguvu, uzi umelegea mno. Kisha abane kodi kwenye freti ya kwanza, akae nayo dakika kadhaa. Mkono ukilalamika mapema, ausikilize.

Mwisho tusisahau kadongo kamu. Jina lenyewe, kwa Kiganda, ni gitaa dogo moja; nalo lilibeba wimbo mzima kwa nyuzi sita. Mwenye kununua nyuzi nane na ajiulize kwanza wimbo wake unadai ngapi.