Je, Wajua? Kwa Miguu Kutoka Ziwani Hadi Mlima Heha

Je, wajua kwamba Bujumbura iko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Heha, mlima mrefu kuliko yote Burundi, uko kusini mashariki mwake, si mbali? Kilele chake hupita mita 2,600. Anayeanzia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hupanda karibu mita 1,900.

Je, wajua kwamba mvua hugawana njia juu ya safu ya milima ulipo Heha? Inayonyesha magharibi huteremka hadi Ziwa Tanganyika, ikatoka kwa mto Lukuga, ikaingia Kongo na kuishia Atlantiki. Inayonyesha mashariki huingia Ruvubu, kisha Kagera, Ziwa Viktoria, Nile, hadi Mediterania. Hatua chache tu ndizo zinazoamua. Ukiwa ndani ya gari, huoni mgawanyiko huo. Kwa miguu unasimama hapohapo mgongoni ukatazama pande zote mbili.

Je, wajua kwamba wapelelezi Livingstone na Stanley walifika pwani hii ya ziwa kwa mtumbwi kutoka Ujiji? Jiwe la Mugere, kusini mwa mji, limechongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Katika safari hiyo waliona kwa macho yao kuwa mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki.

Je, wajua kwamba kupanda taratibu hubadilisha hata chakula? Bondeni Imbo ni michikichi na mpunga. Katika miteremko mikali ya Mumirwa ni migomba na mihogo. Juu Mugamba ni chai, viazi na baridi ya kuvalia sweta. Huko njiani utapishana na akina mama wanaoshuka sokoni, vikapu vya mboga kichwani, na wakipanda kurudi watakuacha nyuma hata wewe ukiwa mikono mitupu. Kwa maoni yangu, hao ndio wapanda milima hodari wa Burundi.

Je, wajua kwamba jua likizama kiboko hutoka majini kula nyasi, hata ndani ya mji? Matembezi ya ufukweni yaishe mapema.

Je, wajua kwamba Buyenzi, mjini Bujumbura, ni mtaa wa wasemaji wa Kiswahili? Ulizia safari yako huko.

Nenda kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekatika na njia hazitelezi. Ondoka alfajiri, beba maji, chukua mwenyeji wa vilima hivyo akuongoze, na umlipe vizuri.