Simu na Moyo wa Mtoto

Kila mtoto wa Sudi ajua ya kuwa bahari ina saa zake. Maji hujaa, tena hupwa. Na yapwapo, matope ya mikokoni huonekana, vyombo hukaa mchangani, na baharia hupumzika. Lakini siku hizi iko bahari nyingine isiyopwa kamwe, nayo ni mitandao ya kijamii iliyo ndani ya simu. Leo tutasoma jinsi inavyofanya kazi, na jinsi inavyoweza kuudhuru moyo wa mtoto. Nisemapo moyo, sisemi ule upigao kifuani, bali makao ya furaha na huzuni.

Mitandao hiyo si ya zamani. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009, na Instagram mwaka 2010. Wenye mitandao mingi hupata fedha kwa matangazo ya biashara: kadiri watu watazamavyo zaidi, ndivyo wao wapatavyo zaidi. Kwa hiyo wameiunda isiwe na mwisho. Mtandao huangalia ni picha gani uliyoikazia macho, kisha hukuletea nyingine mfano wa hiyo. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, mtandao hauna.

Madhara yake ni ya namna tatu. Kwanza, huiba usingizi, na mtoto asiyelala vema huwa mzito wa akili na mwepesi wa hasira. Pili, huleta kujilinganisha. Watu huonyesha nguo mpya na karamu, hawaonyeshi njaa wala machozi. Basi mtoto atazamaye hudhani ya kuwa yeye peke yake ni maskini. Tatu ni dhihaka. Zamani mtoto aliyechekwa shuleni alipata raha afikapo nyumbani; sasa dhihaka humfuata mpaka kitandani.

Mwaka 2023 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alionya ya kuwa vijana watumiao mitandao zaidi ya saa tatu kwa siku wamo katika hatari maradufu ya kupatwa na huzuni na wasiwasi. Hii si kusema kila atumiaye ataugua, kwa maana huzuni ina sababu nyingi. Na wengine hupata kheri humo, kama kuongea na ndugu aliye mbali.

Je, moyo ulioumia una dawa? Naam. Kuumia huko si aibu, tena hutibika. Wako wataalamu ambao dawa yao kubwa ni kusikiliza na kuuliza. Mtoto asemapo, "Hakuna anipendaye," mtaalamu hamkemei. Humwuliza, "Ni nani aliyekupa chakula jana? Ni nani aliyekungoja njiani?" Hivyo mtoto hujifunza kulipima wazo lake kabla ya kuliamini. Njia hii iliwekewa msingi na daktari Aaron Beck wa Marekani katika miaka ya 1960.

Wala si madaktari tu wawezao kusikiliza. Huko Harare, nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kuketi na wenye huzuni juu ya benchi la mbao karibu na zahanati. Kwa Kishona ugonjwa huo huitwa kufungisisa, maana yake kuwaza mno. Bibi husikiliza, kisha humsaidia mgonjwa kuchagua tatizo moja la kuanza kulitatua. Wengi wamepata nafuu.

Basi wewe, ukidhihakiwa mtandaoni, usijibu, wala usifute maneno yale. Mwonyeshe mtu mzima, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza uonevu huo. Ukiona usingizi umekukimbia, na chakula hakina ladha, na michezo haikupendezi, mwambie mama, bibi, au mwalimu. Ukiwa huna wa kumwambia, piga 116, namba ya kuwasaidia watoto nchini Tanzania, haitozwi fedha. Na usiku, simu ilale mbali na kitanda chako. Wahenga walinena: Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Maswali
1. Kwa nini mtandao umeundwa usiwe na mwisho?
2. Taja madhara matatu ya mitandao kwa mtoto.
3. Mwenzako akikuambia ya kuwa anadhihakiwa katika simu, utamshauri afanye nini?