Kituo cha hali ya hewa kikizimika, tusikimbilie kununua kingine

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Leo, hata hivyo, mwenye kutaka kuijua mvua hatazami juu peke yake. Mwalimu wa sayansi au mwanafunzi mwenye ari anaweza kujiundia kituo kidogo cha hali ya hewa nyumbani au katika ua wa shule: kihisi cha joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, kipimamvua, na kibao cha kielektroniki kinachokusanya vipimo hivyo na kuvituma kwa waifai hadi kwenye kompyuta. Miongoni mwa vibao vinavyopendwa ni vile vyenye chipu ya ESP8266, iliyoanza kuvuma mwaka wa 2014, na ndugu yake ESP32 aliyefuata mwaka wa 2016.

Lakini vituo hivi vina maradhi yanayowakatisha wengi tamaa. Kituo hufanya kazi siku mbili tatu, kisha kikaanza kujizima na kujiwasha chenyewe, au kikapotea mtandaoni hadi mtu akiendee na kuuchomoa waya. La kusikitisha ni kwamba maradhi haya hupenda kuja wakati wa dhoruba, saa ile ile kituo kinapohitajiwa. Wingu zito huinyima paneli ya sola jua, umeme wa nyumbani hukatika na ruta ikazimika, nayo maji hupenya kwenye viungo vya waya. Hapo wengi hukata shauri kwamba kifaa ni kibovu, wakakitupa na kununua kingine. Nami nashikilia kwamba uamuzi huo ni wa pupa, na shuleni ni hasara maradufu, kwa maana hutupwa chombo pamoja na somo.

Jambo hili si mchezo wa watoto. Kipimamvua cha vituo hivi aghalabu kina vikombe viwili vinavyopinduka kwa zamu, kila kupinduka kukihesabiwa, mathalan, milimita 0.2 za mvua. Hesabu hiyo hukaa katika kumbukumbu ya muda ya kibao. Kibao kikizimika, hurudi sifuri, isipokuwa aliyeandika programu alikumbuka kuihifadhi mahali pa kudumu. Basi kituo kilichojiwasha upya usiku wa manane kinaweza kuonyesha manyunyu asubuhi, ilhali ilinyesha gharika. Taifa lililoshuhudia mafuriko ya mwaka wa 2024, yakiwemo yale ya Mai Mahiu yaliyoangamiza makumi ya watu usiku wa kuamkia Aprili 29, halihitaji kuelezwa thamani ya kipimo cha mvua kilicho cha kweli.

Hatua ya kwanza ni kuyatenganisha maradhi mawili yanayofanana kwa dalili. Kuna kituo kinachojiwasha upya, na kuna kituo kilicho macho ila kimepotewa na mtandao. Ukitazama kompyuta peke yake, vyote viwili ni kimya. Dawa ni kukifanya kituo chenyewe kitoe ushahidi: kila kinapotuma vipimo, kitume pia muda uliopita tangu kilipowashwa, nguvu ya mawimbi kinayopokea, na sababu ya kuwashwa upya mara ya mwisho. ESP32, kwa mfano, hubainisha kama chanzo kilikuwa upungufu wa volti, hitilafu ya programu, au yule mlinzi wa ndani ambaye kazi yake ni kukiamsha kibao kilichokwama.

Ikiwa kituo hujiwasha upya, wa kushukiwa kwanza ni umeme. Kikulacho ki nguoni mwako. Chipu hizi hutumia volti 3.3, na zinapolala hunywa umeme kidogo mno. Lakini zinapotuma kwa waifai hudai mamia ya miliampea kwa muda wa kufumba na kufumbua. Chaja hafifu, waya mwembamba na mrefu, au betri iliyochoka haviwezi kutoa kiasi hicho kwa ghafla. Volti hushuka, na kibao hujiwasha upya. Ndiyo maana kituo huanguka hasa kinapoanza kutuma, na mwenyewe akaulaumu mtandao usio na hatia. Tiba mara nyingi ni ndogo: chaja imara, waya mfupi na mnene, na kapasita ya mikrofaradi 470 hivi karibu na kibao.

Ikiwa kituo kiko macho lakini hakifiki mtandaoni, ichunguze njia. ESP8266 na ESP32 ya kwanza husikia mawimbi ya gigahezi 2.4 tu, ruta iliyowekwa kwenye gigahezi 5 peke yake huzungumza lugha wasiyoijua. Paa la mabati na kuta za mawe hudhoofisha mawimbi, na kisanduku cha chuma kilichonunuliwa ili kukikinga kituo na mvua hukiziba kinywa. Kisha isome programu: je, ina amri ya kuutafuta mtandao tena baada ya ruta kuzimika na kurejea, au hujiunga mara moja tu inapoanza? Na kituo kinachokwama kila baada ya siku 49 na ushei hakina pepo. Hesabu ya milisekunde iliyo ndani ya programu nyingi hujaa baada ya siku 49.7 na kurudi sifuri. Programu isiyoandaliwa kwa jambo hilo hupotewa na wakati.

Hata hivyo, kanuni iliyo juu ya zote ni hii: badilisha jambo moja tu, andika tarehe na ulichokibadilisha, kisha usubiri. Anayebadilisha chaja, programu na mahali kwa siku moja, hata kituo kikipona, hajui kilichokiponya. Wanafunzi na wakilete kituo mezani karibu na ruta, wakiwashe kwa chaja nzuri, wakiangalie kwa wiki nzima. Kikidumu, kasoro iko nje uani; kisipodumu, imo ndani yake. Huko ndiko kukisia, kujaribu na kuthibitisha, mambo ambayo vitabu huyataja lakini havimpi mwanafunzi nafasi ya kuyatenda.

Na pengo likishatokea katika daftari la vipimo, liachwe wazi. Kipo kishawishi cha kulijaza kwa sifuri au kwa wastani wa siku jirani ili ukurasa upendeze, hasa mkaguzi anapotarajiwa. Sifuri husema kwamba mvua haikunyesha. Nafasi tupu husema kwamba hatukupima. Anayeziweka mahali pamoja hudanganya, na atakayesoma daftari hilo miaka kumi ijayo hatakuwa na njia ya kuugundua uongo huo. Kwa sababu hiyo, kipimamvua cha zamani kinachosomwa kwa macho saa tatu kila asubuhi kisiondolewe uani. Kisimame kando ya kituo kipya, na kila siku vipimo vya vyote viwili viandikwe katika ukurasa mmoja. Vikitofautiana, walimu na wanafunzi watakuwa wamejua siku hiyo hiyo kwamba kuna jambo la kuchunguzwa.